Soya ya Siku Tisini: Muda Unaonunuliwa kwa Mavuno

Msimu unapokaribia, neno linalouza mbegu ya soya kuliko lolote ni "mapema". Mkulima anayesimama mbele ya kaunta ya duka la pembejeo huambiwa kwa pumzi moja kwamba mbegu hiyo huiva kwa siku 90, hustahimili ukame na huzaa kuliko ile ya zamani. Anaporudi kijijini hukutana na maelezo mengine. Jirani mmoja anasema ni chotara kama mahindi, hivyo haifai kurudiwa. Mwingine anaiogopa kwa kudhani imebadilishwa vinasaba. Wa tatu aliipanda mwaka jana, ikachukua siku 110, tena ikakauka mvua ikiwa bado inanyesha na maganda yakaota ukungu.

Wote hao wana kisa cha kusimulia, lakini kila mmoja ameshika kipande kimoja cha jambo. Kukomaa mapema ni sifa halisi ya mbegu, ina asili yake na ina gharama yake. Swali linalomhusu mkulima ni kama muda anaoupata kwa mbegu hiyo ana kazi ya kuufanyia.

Mbegu moja, majina mengi

Soya si mgeni wa jana Afrika Mashariki. Wajerumani waliijaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907. Kwa miongo mingi iliyofuata, zao hilo halikutoka sana nje ya vituo vya utafiti, misheni na mashamba makubwa. Sababu moja ilikuwa chini ya ardhi. Aina zilizoletwa kutoka Marekani zilihitaji bakteria maalumu wa kutengeneza vinundu kwenye mizizi, na bakteria hao hawakuwa wa kutosha katika udongo wa Afrika. Bila vinundu mmea hukosa naitrojeni, majani huwa ya manjano na mavuno hudhoofu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, iliyoko Ibadan nchini Nigeria, walianza kuchanganya soya za Marekani zenye mavuno makubwa na soya za Asia ambazo hazichagui sana bakteria. Uzao wa kazi hiyo hutambulika kwa herufi TGx. Miongoni mwao ni TGx 1740-2F, aina ya muda mfupi ambayo leo ina majina mengi kuliko mfanyabiashara wa mpakani. Kenya iliisajili kama DPSB 19, wakulima wakaifupisha kuwa SB 19. Malawi iliidhinisha mwaka 2011 na kuiita Tikolore, yaani "tuvune". Ndugu yake, TGx 1835-10E, iliidhinishwa Uganda mwaka 2004 kwa jina la Maksoy 1N. Tanzania nayo ina Bossier yenye asili ya Marekani, pamoja na zile za mfululizo wa Uyole Soya zilizotoka kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya.

Historia hiyo inaondoa hofu mbili kwa mkupuo. Aina za TGx zilipatikana kwa uchavushaji wa kawaida, chavua ya mmea mmoja kupelekwa kwenye ua la mwingine, si kwa uhandisi wa vinasaba. Pia si chotara kwa maana ya mahindi chotara. Ua la soya hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka, kwa hiyo mbegu iliyovunwa shambani huzaa mmea unaofanana na mama yake. Mkulima anaweza kuirudia, mradi aitunze isichanganyike na isife ghalani.

Soya huhesabuje siku

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni namba yenyewe. Siku 90 zinaanzia wapi na kuishia wapi? Kuna majedwali yanayohesabu tangu kupanda, na mengine tangu miche kuchomoza, tofauti ya karibu wiki moja. Watafiti huandika kwamba soya imekomaa pale asilimia 95 ya maganda yanapofikia rangi ya ukomavu, lakini punje hapo bado huwa na unyevu mwingi. Zinahitaji siku kadhaa za jua kabla ya kufikia unyevu wa asilimia 13 au 14 unaofaa kupura na kuhifadhi. Aina moja basi inaweza kupewa namba mbili, wala asiwepo aliyesema uongo.

Kisha kuna mwanga. Soya ni mmea wa siku fupi, maana yake hupokea ishara ya kuchanua pale usiku unaporefuka kiasi fulani. Ndiyo maana Wamarekani huzigawa aina zao kwa makundi kuanzia 000, ya kaskazini kabisa, hadi kundi la 10 la ukanda wa joto. Soya ya kaskazini ikiletwa karibu na Ikweta, ambako mchana hauvuki sana saa 12 mwaka mzima, huona kama wakati umekwisha na kuchanua ingali kibete. Wazalishaji wa mbegu waliponya tatizo hilo kwa kutafuta mimea yenye "utoto mrefu", isiyoisikiliza ishara ya usiku kwa wiki kadhaa za mwanzo. Brazil ilitumia mbinu hiyo kuisogeza soya kutoka kusini yenye baridi hadi nyika za Cerrado.

Joto nalo lina sauti. Kwenye baridi, mmea hupunguza mwendo. Aina inayokomaa kwa siku 95 katika ukanda wa joto kandokando ya Ziwa Victoria inaweza kuongeza wiki mbili au zaidi pale Uyole, penye mwinuko wa karibu mita 1,800. Kusini mwa Tanzania, mchana wa Desemba huzidi saa 12 kwa zaidi ya nusu saa, na soya iliyopandwa wakati huo hukawia kuchanua kuliko iliyopandwa Februari. Namba iliyo kwenye mfuko ni kipimo cha mahali fulani na tarehe fulani. Mkulima wa Njombe anayeichukua kama ahadi atakuwa anasoma saa ya Kisumu.

Jambo la mwisho ni sehemu ya maisha ya mmea inayofupishwa. Soya hupitia hatua mbili kubwa: kujenga shina na majani, kisha kujaza maganda. Aina za muda mfupi hupunguza hasa hatua ya kwanza. Majani ndiyo jiko la mmea, na jiko likijengwa dogo, chakula kitakachopikwa baadaye nacho huwa na mpaka. Hapo ndipo mjadala unapoanzia.

Hoja za wanaoitaka

Hoja ya kwanza ya wanaoitetea ni mvua. Katika maeneo kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni karibu milimita 600 na Februari huweza kuleta ukame wa wiki kadhaa, kila siku iliyopunguzwa ni hatari iliyopunguzwa. Soya huumia zaidi ikikosa maji tangu maganda yanapoanza kutokea hadi punje zinapojaa. Aina inayomaliza kazi hiyo kabla mvua haijakatika huvuna, huku ile ya siku 120 ikibaki na maganda mepesi.

Hoja ya pili ni msimu wa pili. Magharibi mwa Kenya, sehemu kubwa ya Uganda na mkoa wa Kagera hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Shamba linaloachwa wazi mapema hupata nafasi ya kulimwa tena kwa wakati. Mfano mkubwa kuliko yote duniani uko Mato Grosso, Brazil, ambako soya ya muda mfupi hupandwa kuanzia Septemba na Oktoba, ikavunwa Januari na Februari, kisha mahindi yakaingia mara moja shambani humo. Sehemu kubwa ya mahindi ya Brazil sasa hutoka kwenye zao hilo la pili. Bila soya inayowahi kuondoka, mahindi hayo yasingekuwa na mvua.

Tatu ni mpangilio wa kazi. Familia yenye majembe mawili haiwezi kupanda mahindi, maharage na soya katika wiki moja. Mbegu ya muda mfupi humruhusu mkulima kumaliza kwanza mahindi ya chakula, kisha apande soya wiki tatu au nne baadaye bila kukimbizwa na kiangazi.

Nne ni fedha. Soya inayofika sokoni kabla ya wimbi la mavuno hukuta viwanda vya chakula cha kuku vikiwa na mashudu pungufu na wanunuzi hawajajaza maghala. Hoja hii ina nguvu, ila ina sharti lake. Soya si kama maharage mabichi yanayotoka shambani kwenda chunguni. Punje yake ina kizuizi cha mmeng'enyo wa protini ambacho lazima kiuawe kwa moto, na mnunuzi anaitaka ikiwa kavu. Aliyevuna mapema punje zenye maji hajawahi soko.

Hoja za wanaoitilia shaka

Wapinzani wao huanza na mizani ya gunia. Mimea ikitunzwa sawasawa na mvua ikiwa ya kutosha, aina ya muda mrefu kwa kawaida huizidi ya muda mfupi. Tuchukue hesabu ya mfano. Aina ya siku 95 inatoa kilo 1,500 kwa hekta, na ya siku 120 inatoa kilo 1,900. Ukigawa kwa siku, zote mbili hutoa karibu kilo 15.8 kwa siku, na mtafiti anaweza kusema zimelingana. Lakini mkulima mwenye msimu mmoja tu kwa mwaka hauzi siku. Amepoteza magunia manne ya kilo mia, na siku 25 alizookoa zimekaa bure shambani.

Shaka ya pili ni kwamba mbegu ya haraka haisamehe makosa. Soya ikiwa changa hushindwa vibaya na magugu, hasa katika wiki nne hadi sita za kwanza. Aina ya muda mrefu ikicheleweshewa palizi ina muda wa kujirudi kwa kuongeza matawi na maua. Ile ya haraka ikishaanza kuchanua, saa yake imeshaondoka. Hali ni hiyo hiyo kwa ukame wa siku kumi unaoangukia kwenye maua. Hapa ndipo maneno mawili yanayochanganywa madukani yanapaswa kutenganishwa: kukwepa ukame na kustahimili ukame. Soya ya mapema hukwepa ukame wa mwisho wa msimu. Ukame wa katikati ukiikuta kwenye maua, inaweza kuumia kuliko ile yenye mizizi mirefu na muda wa kusubiri.

Tatu, ufupi wa mmea hudai mbegu zaidi. Kwa kuwa haujazi nafasi upesi, mistari inabidi isogezwe. Upandaji wa sentimita 60 kwa 5 huweka mimea 333,000 hivi kwa hekta. Wa sentimita 45 kwa 5 huweka karibu 444,000. Kwa punje ambazo mia moja zina uzito wa gramu 15, tofauti hiyo ni takriban kilo 17 za mbegu. Mkulima anayenunua mbegu ya mapema na kuipanda kwa nafasi za zamani hulipa gharama ya mavuno madogo mara mbili.

Nne, na huenda ndiyo nzito kuliko zote, ni swali la soya itakauka lini. Mkoani Ruvuma mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Soya ya siku 95 iliyopandwa mapema Desemba hukomaa katikati ya Machi, mvua ikiwa bado ina nguvu. Maganda hulowa na kukauka, kulowa na kukauka, punje huota ukungu au kuchipua zikiwa ndani. Jua kali likija ghafla baada ya hapo, maganda hupasuka na kumwaga punje chini kabla ya mundu kufika. Mbegu ileile inayosifiwa Busia hulaaniwa Songea, na tarehe ya kupanda ndiyo iliyoleta tofauti.

Udongo nao una dai lake

Mara nyingi soya hutetewa kwa kusema inarutubisha shamba. Kwa aina za mapema kauli hiyo inahitaji kupunguzwa makali. Punje ya soya ina protini karibu asilimia 40, hivyo kila tani inayoondoka shambani hubeba takriban kilo 64 za naitrojeni, sawa na ile iliyomo katika karibu mifuko mitatu ya urea ya kilo 50. Naitrojeni hiyo hutoka ama hewani kupitia vinundu, ama kwenye udongo wenyewe.

Vinundu huchukua wiki tatu au nne kabla ya kufanya kazi ya maana. Aina ya muda mfupi ina siku chache zaidi za kuvuna naitrojeni ya hewani, na kiasi kikubwa cha ile iliyopata hukipeleka kwenye punje. Aina za muda mrefu zenye majani mengi hudondosha majani hayo shambani na kuacha salio kwa mahindi yanayofuata. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya wataalamu wa nyika za Nigeria kuzipenda aina kama TGx 1448-2E, inayokawia zaidi, kwa ajili ya mzunguko wa mazao. Faida ya ziada ni kwamba mizizi ya soya huchochea mbegu za kiduha kuota bila kupata mmea wa kujishikiza, hivyo gugu hilo hatari la mahindi hufa.

Je, aliyechagua mbegu ya mapema amekubali kuufilisi udongo? Si lazima. Kuchanganya mbegu na unga wa bakteria siku ya kupanda, kama ule unaouzwa Kenya kwa jina la Biofix, huhakikisha vinundu vinaanza na bakteria hodari. Fosforasi huvipa nguvu. Kupuria shambani na kuacha mabua humo hurudisha sehemu ya mali. Anayeng'oa mmea mzima, kuupuria nyumbani na kuyachoma mabua huko ndiye anayechimba rutuba ya udongo, hata kama mbegu yake ni ya muda mrefu.

Kutu: mbio au kinga

Mwaka 1996 kutu ya soya iligunduliwa Uganda, Kenya na Rwanda, ikashuka hadi Zambia na Zimbabwe mwaka 1998. Ni ugonjwa wa kuvu ambao vijimbegu vyake husafiri na upepo. Huanza na madoa madogo ya kahawia chini ya majani, hushambulia kwa nguvu tangu maua, na mwisho huyapukutisha majani punje zikiwa hazijajaa. Hasara ya asilimia 80 si jambo la ajabu pale unapokuwa mkali.

Aina za mapema zina faida hapa, kwa kuwa kutu hujijenga kadiri msimu unavyosonga na zenyewe huwahi kutoka. Lakini mbio si kinga. Mahali penye misimu miwili, kutu ya msimu wa kwanza hurithishwa kwa wa pili, na mkulima anayepanda soya juu ya soya huutunzia ugonjwa daraja la kuvukia. Brazil, yenye soya nyingi kuliko nchi yoyote, ililazimika kuweka kwa sheria kipindi cha kila mwaka ambacho mmea hai wa soya hauruhusiwi shambani.

Jibu la Chuo Kikuu cha Makerere, chini ya mzalishaji wa mbegu Profesa Phinehas Tukamuhabwa, lilikuwa kutafuta ukinzani ndani ya mbegu yenyewe. Maksoy 1N ilifuatwa na nyingine za mfululizo huohuo, kwa sababu kuvu hiyo ina makabila mengi na ukinzani wa leo unaweza kuvunjwa kesho. Kwa mkulima, swali la dukani linapaswa kuwa na vipande viwili: inakomaa lini, na inajikinga vipi na kutu?

Mizani: wapi inalipa, wapi hailipi

Hoja za pande zote mbili zikiwekwa juu ya ramani, mgogoro mwingi hutulia.

Kwenye misimu miwili, mbegu ya mapema inashinda wazi. Muda unaookolewa una kazi ya kufanya mara moja, na kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mbegu ya soya hufa upesi ghalani, hasa penye joto na unyevu. Mkulima wa Busia au Masaka anayevuna Julai na kupanda Agosti au Septemba huirudisha mbegu ardhini ingali na uhai. Mwenzake wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, huihifadhi kwa nusu mwaka au zaidi, na akibahatisha kuvuna kwenye mvua, huenda nusu ya mbegu isiote kabisa.

Kwenye msimu mmoja mfupi, kama Dodoma, inashinda kwa sababu tofauti: mbadala wake si mavuno makubwa zaidi, ni hatari ya kukosa mavuno. Hata hivyo, haitaokoa shamba lililopandwa siku mvua ilipobahatisha kunyesha mara moja.

Kwenye msimu mmoja mrefu wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mzani hulalia upande wa aina za muda wa kati na mrefu kwa shamba linalopandwa mapema. Mbegu ya mapema ina nafasi yake pale, lakini kama zao la kupandwa kwa kuchelewa, katikati ya Januari, mahindi yakiwa yameshaota. Ikipandwa hivyo, hukauka mvua zikiwa zinaaga mwezi Aprili, na mkulima hugawa kazi na hatari katika vipindi viwili. Kugawa shamba kati ya aina mbili hufaa zaidi kuliko kutafuta mshindi mmoja.

Kwa wenye mashine ya kuvunia, kipimo huongezeka kimoja: urefu wa ganda la chini kutoka ardhini. Aina fupi za mapema zinaweza kuzaa chini sana, na mashine ikapita juu ya sehemu ya mavuno. Kwa anayevuna kwa mundu, hilo halina uzito mkubwa.

Kwa muhtasari

Soya inayokomaa mapema si chotara, na aina za TGx zinazotumika Afrika Mashariki hazikutengenezwa kwa kubadilishwa vinasaba. Siku zake hubadilika kwa joto, urefu wa mchana na namna ya kuhesabu. Nguvu zake ni kukwepa ukame wa mwisho wa msimu, kuachia shamba zao jingine, kugawanya kazi na mara nyingi kuitangulia kutu. Udhaifu wake ni mavuno yenye mpaka pale mvua ni nyingi, kutosamehe palizi iliyochelewa, mahitaji makubwa ya mbegu, salio dogo la naitrojeni na hatari ya kukomaa ndani ya mvua.

Hivyo kabla ya kulipa, mkulima ana mambo manne ya kupima: mvua yake hukatika lini, tarehe ya kupanda pamoja na siku halisi za eneo lake zinaangukia jua au mvua, shamba litafanya nini baada ya mavuno, na kama aina anayoshikishwa ina ukinzani wa kutu. Palipo na msimu wa pili au kiangazi cha haraka, majibu yatamwelekeza kwenye mbegu ya mapema. Palipo na mvua ya miezi mitano isiyokatika, yatamwelekeza kwenye ile inayokawia, au kwenye mchanganyiko wa zote mbili kwa tarehe tofauti.